Shakwe wa Wakati wa Baridi

Ninyi mnaokaa kando ya Ziwa Victoria mnamjua shakwe. Ni yule ndege mweupe mwenye mabawa marefu ya kijivu, ambaye huzunguka juu ya mitumbwi inaporudi asubuhi, akipiga kelele kama mtu aliyedhulumiwa. Na dagaa wakianikwa mchangani, yeye huwa wa kwanza kufika. Watu wa pwani nao wanamjua. Lakini ukimwuliza mtu ye yote, "Shakwe ni wa namna ngapi?" atakujibu, "Shakwe ni shakwe tu." Mimi nami nalijibu hivyo hivyo, japokuwa nimezaliwa Mwanza na kukua penye ziwa, mpaka siku moja ya mwezi wa Desemba nilipokuwa mgeni katika mji wa London. Siku ile nalifundishwa kutazama.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee Mwingereza, aliyekwisha kupita miaka themanini. Katika ujana wake, miaka ya 1960, alikuwa mwalimu katika shule moja ya upande wetu wa ziwa, na Kiswahili hakikumtoka. Kazi yake ya siku hizi ni moja tu: kuwatazama ndege na kuwahesabu. Asubuhi ile nalimwamkia, "Shikamoo, Mzee," naye akaitikia, "Marahaba, Mwalimu. Vaa kila nguo uliyo nayo." Nalidhani anafanya mzaha. Tulipofungua mlango nikajua kwamba hafanyi.

Sharti kwanza mfahamu habari ya baridi ya huko. Kwetu jua huchomoza baada ya saa kumi na mbili asubuhi na kutua baada ya saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima, wala hatuoni ajabu. Lakini London iko mbali sana upande wa kaskazini, na katika Desemba upande ule wa dunia umeinama kulikimbia jua. Basi jua huchomoza saa mbili asubuhi, wala halipandi utosini, bali hutambaa chini chini upande wa kusini kama mgonjwa anayeshika ukuta, kisha hutua kabla ya saa kumi. Mchana wote hautimizi saa nane. Siku ile majani yalikuwa meupe kwa sakitu, ndio umande ulioganda usiku, na yalilia chini ya viatu kama vigae. Miti ilikuwa mitupu kama imekufa.

Nikamwuliza Mzee, "Ndege gani mwenye akili atakuja hapa wakati kama huu?"

Akanijibu, "Yule ambaye kwao ni kubaya zaidi."

Maana katika Finland, na Poland, na nchi nyingine zilizoizunguka bahari ya Baltic, maziwa huganda yakawa barafu ngumu hata watu hutembea juu yake. Shakwe hawezi kuvua penye barafu. Kwa hiyo maelfu na maelfu huondoka huko na kuja Uingereza, ambako maji mengi hayagandi. Kwa shakwe hao London ndiyo nchi ya joto.

Mahali pa kwanza tulipokwenda ni ziwa dogo lililo katika bustani ya St James's, katikati ya mji, karibu na jumba la mfalme. Pana mwari pale pia, ambao wa kwanza wao waliletwa mwaka 1664 na balozi wa Urusi kuwa zawadi kwa mfalme. Lakini Mzee aliwapita wale mwari kama mtu apitavyo duka asilo na haja nalo. Akaenda moja kwa moja penye vyuma vya ua kando ya maji, ambapo shakwe walikuwa wamekaa mstarini, na wengine wakiruka mbele ya watu waliokuwa wakitupa mkate.

"Haya, Mwalimu," akasema, "andika unachokiona. Usiandike jina kabla hujaandika ulichokiona."

Nikatazama. Shakwe wale walikuwa wadogo, urefu kama sentimita 38 toka mdomo hata mkia. Mdomo ulikuwa mwekundu, na miguu myekundu. Mgongo ulikuwa wa kijivu cheupe kama majivu ya kuni kavu. Kichwa kilikuwa cheupe, ila nyuma ya jicho palikuwa na doa jeusi, kana kwamba mtu amemgusa kwa kidole chenye masizi. Nikaandika hayo yote. Kisha Mzee akaniambia jina la ndege yule kwa lugha yake, ambalo maana yake ni shakwe kichwa-cheusi. Nikasema, "Lakini kichwa ni cheupe!"

Akacheka sana. Ndege yule huota manyoya ya kichwa mapya kila mwaka mwisho wa baridi, na wakati wa kujenga kiota kichwa chake huvaa kofia nzima. Hata hivyo kofia ile si nyeusi. Ukiiona karibu ina rangi ya kahawa iliyokaangwa. Basi jina lake lina makosa mawili, kosa la baridi na kosa la joto, na mtu anayetafuta jina kwanza atamtafuta ndege ambaye hayupo. Kwetu yuko ndugu yake, shakwe kichwa-kijivu, ambaye hutaga katika visiwa vya Ziwa Victoria. Yeye naye kijivu chake hukolea wakati wa kutaga, kisha hufifia.

Zamani ndege hawa hawakuzoea kukaa katikati ya London. Ilikuwa katika miaka ya 1890, wakati wa baridi kali sana, ndipo walipopanda na mto Thames kwa wingi wakitafuta chakula. Walikuwako watu waliowapiga kwa bunduki kutoka madarajani. Lakini wafanyakazi na wavulana, waliokuwa na saa moja tu ya kula mchana, wakaenda madarajani na kuwatupia mabaki ya chakula chao. Shakwe hawakusahau, kila mwaka wakarudi, hata leo.

Nalikuwa nimekwisha kuridhika na somo hilo, nikatamani kwenda mahali penye moto. Ndipo Mzee akanishika mkono. Kwenye vyuma vya ua alikuwapo shakwe mmoja aliyesimama kwa mguu mmoja, na mguu wa pili ameuficha katika manyoya ya tumbo. Ndege hufanya hivyo wakati wa baridi ili mguu usipoteze joto. Mzee akasema kwamba ndege yule alipotua aliona kitu katika mguu ule uliofichwa. Huenda ikawa pete.

Habari ya pete ni hii. Mwaka 1899, katika mji wa Viborg huko Denmark, mwalimu wa shule aliyeitwa Mortensen aliwakamata kwezi 165, akawavika miguuni pete nyepesi za alumini zenye namba, kisha akawaachilia. Alitaka kujua wanakwenda wapi. Ikawa mtu akimwokota ndege mwenye pete, aliweza kumpelekea Mortensen habari, naye akatazama daftari lake akajua ni ndege gani. Kazi ile ya mwalimu mmoja imeenea duniani pote. Siku hizi ndege wengine huvikwa pia pete ya plastiki yenye herufi kubwa, zisomeke kwa darubini bila kumkamata ndege.

Tukangoja. Shakwe yule hakushusha mguu. Mtoto mmoja akatupa mkate, wenzake wakaruka, yeye akabaki, akafumba macho. Robo saa ikapita. Vidole vyangu vilikuwa havina habari tena. Nikamwambia Mzee kwa adabu kwamba shakwe ni maelfu, na huyu ni mwombaji wa mkate kama wengine. Je, si afadhali twende tukawaone wale wakubwa? Hakunijibu, wala hakuondoa jicho katika darubini. Nikapiga miguu chini ili damu itembee. Hata ilipotimia nusu saa, ndege akajinyosha bawa, akashusha mguu, akasimama kwa miwili muda wa kuhesabu hadi tano. Mzee akasoma herufi nne kwa sauti, nami nikaziandika. "Nitaandika barua kuuliza," akasema. Nikafurahi tu kwamba tunaondoka.

Tukapanda garimoshi (ingawa siku hizi haliendi kwa moshi), kisha basi, tukafika Staines, upande wa magharibi wa London, karibu na kiwanja kikubwa cha ndege za abiria cha Heathrow. Hapo pana maziwa mawili makubwa yaliyopakana, wala si maziwa ya asili. Yalitengenezwa na watu yakafunguliwa mwaka 1902, ili maji ya mto Thames yawekwe humo na kutumiwa na wenyeji wa London. Yamezungushiwa matuta ya udongo, na katikati yake, kati ya ziwa la kaskazini na la kusini, imepita njia iliyoinuliwa ambayo kila mtu ana ruhusa kuipita. Juu ya njia ile hapana mti wala ukuta wa kuzuia upepo. Mzee akasimamisha darubini yake ndefu yenye miguu mitatu, akanimiminia chai toka chupani, akasema, "Sasa ndio darasa."

Mpaka hapo nalimjua shakwe mmoja. Saa ile nikaonyeshwa wanne wengine, nami nitawaeleza jinsi nilivyoelezwa, maana ni njia itakayowafaa hata penye ziwa letu. Wa kwanza alimpita kichwa-cheusi kidogo kwa ukubwa. Miguu yake ilikuwa ya manjano yenye kuelekea kijani, jicho jeusi, na uso wa upole kama wa njiwa. Waingereza humwita shakwe wa kawaida, jina baya, kwa kuwa mahali pengi si wa kawaida hata kidogo. Wa pili alikuwa mkubwa, mgongo wa kijivu cheupe, miguu ya rangi ya waridi, jicho la manjano lenye ukali, na mdomo mnene wa manjano wenye doa jekundu chini. Huyo ni shakwe wa heringi, na heringi ni samaki wa bahari za baridi. Wa tatu alilingana naye karibu sawa kwa ukubwa, lakini mgongo wake ulikuwa wa kijivu kizito kama wingu la mvua, na miguu ya manjano: ndiye mgongo-mweusi mdogo. Wa nne ni mgongo-mweusi mkubwa, aliye mkubwa kuliko shakwe wote wa dunia. Mabawa yake yakikunjuliwa hupata kufika zaidi ya mita moja na nusu. Alipotua majini wengine walimwachia nafasi, kama abiria wamwachiavyo mtu mwenye mzigo mkubwa.

Nikasema, "Sasa nimewajua."

"Na yule?" akauliza Mzee. Alikuwapo ndege mkubwa mwenye madoadoa ya kahawia mwili mzima, mdomo mweusi, mkia mweusi nchani. Hakufanana na ye yote. Nikadhani ni wa sita. Kumbe alikuwa shakwe wa heringi, aliyezaliwa mwaka ule ule. Shakwe wakubwa huzaliwa wenye rangi ya kahawia, na kila mwaka wakibadili manyoya hupata kijivu kidogo na weupe kidogo, hata mwaka wa nne wakawa kama wazazi wao. Wale wadogo, kama kichwa-cheusi, humaliza katika miaka miwili. Basi mtu anayehesabu shakwe hana budi kujua namna ya ndege, na umri wake, na majira, maana mambo hayo matatu yote huandikwa katika manyoya. Hapo ndipo watu wengi wapendao ndege hukata tamaa, wakarudi kwa tai na korongo.

Doa jekundu la mdomoni nalo lina maana. Mholanzi mmoja, Niko Tinbergen, alitaka kujua kinda wa shakwe anajuaje kuomba chakula. Akatengeneza vichwa vya bandia vya shakwe, vingine vyenye doa jekundu, vingine vya doa jeusi, vingine bila doa, akawaonyesha makinda. Wakalidonoa zaidi lile doa jekundu, kwa sababu mzazi halisi akidonolewa doa lake hutapika samaki wa kumlisha mtoto. Kisha akawaonyesha kijiti chembamba chekundu chenye mistari mitatu myeupe, kisichofanana na mama wa mtu, nao wakakidonoa kuliko hata kichwa chenyewe! Mwaka 1973 Tinbergen alishirikiana na wenzake wawili kupewa tuzo la Nobeli kwa kazi za namna hii.

Ikafika saa tisa, na jua lilikuwa limeshuka karibu na tuta la kusini magharibi. Nalikuwa nikitazama ziwa la kusini, nikamwona shakwe mmoja peke yake, mwembamba, mabawa marefu yaliyopita mkia, na mgongo mweusi tititi. Moyo wangu ukaruka. Maana njiani Mzee alikuwa amenisimulia kwamba shakwe mgongo-mweusi mdogo wako wa namna zaidi ya moja. Wale wa Uingereza wana mgongo wa kijivu kizito. Lakini wale wanaozaliwa Finland na nchi za Baltic wana mgongo mweusi kabisa, na mwili mwembamba, na mabawa marefu. Tena ndege hao wa Finland hawana desturi ya kwenda Uingereza wakati wa baridi. Hushuka kwa njia ya Mediterania ya mashariki, wakafuata bonde la mto Nile, hata wakafika Ziwa Victoria, safari ya zaidi ya kilomita 6,000. Jambo hilo limejulikana kwa pete, na kwa vyombo vidogo ambavyo wataalamu huwafunga ndege mgongoni, vikapeleka habari kwa satelaiti. Basi wale shakwe wakubwa weusi ambao huonekana kwetu Mwanza toka Oktoba, wakanyang'anyana matumbo ya samaki mwaloni, wengi wao ni wazaliwa wa Finland.

Nikapaza sauti, "Mzee! Huyu ni wa kwetu!"

Naye akainama penye darubini, akatazama muda mrefu. Kisha akaniuliza polepole, "Miguu yake uliionaje?"

Nikasema, "Hakuisimamisha. Yumo majini."

"Jua liko wapi?"

Nikatazama. Jua lilikuwa nyuma ya ndege yule sawasawa. Kwa mwanga kama huo hata nguo nyeupe juu ya kamba huonekana nyeusi.

"Leo ni tarehe gani? Ndege wa Finland wako wapi leo?"

Sikujibu, maana jibu nalilijua: wako nyumbani kwangu.

Akasema, "Yawezekana ni yeye, Mwalimu. Ndege hupotea njia kama watu. Yawezekana pia ni wa Norway au Denmark, ambao ni weusi kuliko wa hapa. Huku kwetu mgongo mweusi peke yake hautoshi kuwa ushahidi. Watu hutaka pete. Lakini daftari umelishika wewe. Andika." Akageuka kutazama ziwa la kaskazini, akaniacha peke yangu na penseli.

Watoto, siwafichi: nalitaka sana kuandika. Nalikuwa mbali na nyumbani, na baridi ilikuwa imenishinda, na nalitamani kurudi na hadithi ya shakwe wa Mwanza niliyemkuta London. Nani angenibisha? Ndege mmoja, mstari mmoja katika daftari la mtu. Lakini nalikumbuka yale ambayo Mzee alinieleza juu ya kazi ya madaftari yale. Tangu mwaka 1953 watu wa Uingereza wamewahesabu shakwe wanaolala katika maziwa yao wakati wa baridi, na hesabu kubwa imerudiwa mara kadhaa, kwa mikono ya watu wengi wa kujitolea kama yeye. Katika hesabu ya miaka 2003 hadi 2006 walikadiria shakwe kichwa-cheusi kuwa zaidi ya milioni mbili. Mtu akisikia hivyo husema, "Hao hawaishi." Lakini shakwe wa heringi, ambaye kila mtu humwona hata akamchoka, aliandikwa mwaka 2009 katika orodha nyekundu ya ndege wanaopungua mno Uingereza, na mwaka 2024 wakaongezwa humo mgongo-mweusi mkubwa na yule wa kawaida. Mwaka 2023 homa ya ndege iliwaua kichwa-cheusi wengi sana mahali wanapotagia. Na hao wa Finland, wageni wetu, wamepungua sana huko kwao. Hayo yote yalijulikanaje? Kwa mistari ya daftari tu. Hakuna anayeweza kurudi nyuma kumhesabu tena ndege wa jana.

Basi nikaandika hivi: "Shakwe mmoja mkubwa, ziwa la kusini, mgongo wa rangi nzito. Mwanga mbaya. Miguu haikuonekana. Jina halikujulikana." Mzee akasoma, akanirudishia daftari, akanimiminia chai iliyobaki. Yule ndege akaruka akaenda zake, wala hatukumwona tena.

Sasa jua likatua, na ndipo nikaona jambo ambalo nisingelikosa kwa dhahabu. Toka kila upande wa mbingu wakaanza kuja. Kwanza makumi, kwa mistari mirefu iliyopinda kama kamba iliyolegea, kisha mamia, kisha hewa yote ikawa imejaa mabawa, bila kelele nyingi, kama watu wanaorudi shambani wamechoka. Mchana shakwe hutawanyika mashambani, na viwanjani, na penye majalala ya mji, lakini usiku hulala majini, mbali na kando, kwa sababu mbweha hawezi kuwafikia humo. Ndege za abiria zilipita juu yao zikiwaka taa, nao hawakushtuka.

Mzee akanifundisha kuhesabu. Hesabu kumi, mmoja mmoja, ukaone hao kumi wanajaza nafasi gani katika darubini. Kisha pima nafasi kumi kama ile, ndio mia. Kisha pitisha macho juu ya kundi kwa mia mia, wala usirudi nyuma. Kila mtu ahesabu peke yake, asimwambie mwenzake mpaka mwisho. Tulipomaliza, hesabu yangu ilizidi yake kwa zaidi ya mia mbili. Nikataka kuifuta yangu, kwa kuwa yeye ni mzoefu. Akanizuia, akaandika hesabu zote mbili, moja chini ya nyingine, na upande wa pili akaandika: upepo, baridi, mwanga haba, watu wawili.

Tukarudi gizani, na saa ilikuwa bado kumi na moja.

Nalirudi Mwanza mwezi wa Januari. Jambo la kwanza nililolifanya ni kwenda mwaloni asubuhi na mapema. Walikuwapo, wale weusi, wamesimama juu ya mawe, miguu ya manjano wazi kabisa, na jua nyuma yangu, wala si nyuma yao. Nalikuwa nimewapita maisha yangu yote.

Barua ya Mzee ilifika mwezi wa Machi. Aliniandikia kwamba amepata jibu juu ya zile herufi nne tulizosoma katika bustani ya mfalme, za yule mwombaji wa mkate aliyeficha mguu. Shakwe yule alivikwa pete akali kinda, hawezi kuruka, miaka sita kabla ya siku ile, kando ya ziwa moja katika nchi ya Finland. Na mimi wakati ule nalikuwa nikipiga miguu chini kwa baridi, nikimsihi Mzee amwache.

Maswali

1. Kwa nini shakwe wa nchi za Baltic huja London wakati wa baridi?
2. Jina la shakwe kichwa-cheusi lina makosa gani mawili?
3. Mzee aliuliza maswali matatu juu ya ndege wa ziwa la kusini. Yataje, na ueleze kila moja lilikuwa na maana gani.
4. Kwa nini Mzee aliandika hesabu zote mbili?
5. Nenda penye ziwa, bwawa, mto au pwani iliyo karibu nawe. Chagua ndege mmoja. Andika ukubwa wake, mdomo, miguu, mgongo na kichwa, na jua lilikuwa upande gani. Jina uliandike mwisho.